Usukani Gani Utaipumzisha Mikono Yako? Ulinganisho kwa Waendesha Baiskeli wa Nairobi

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kwa waendesha baiskeli wa Nairobi hayahusu gia wala tairi. Yanahusu mikono. Mtu anatoka Rongai asubuhi akiwa mzima, na akikaribia Kona Baridi kidole cha mwisho na cha pete vimeshakufa ganzi. Mwingine huenda kazini kila siku kwa Thika Road kutoka Kasarani, na jioni viganja vinamwaka hata akishika sufuria. Baiskeli zao zina usukani nyoofu ule uliokuja nazo, na wameshasikia kwamba kuna sukani za maumbo mengine zinazopumzisha mikono. Wanakwama kwenye kuchagua, kwa sababu kila muuzaji husifu alichonacho.

Ganzi hiyo ina chanzo. Neva ya ulna hupita upande wa nje wa kiganja, chini ya kidole cha mwisho, ndani ya kijia chembamba kisicho na nyama nyingi ya kuikinga. Ukilalia upande huo kwa uzito wa mabega huku barabara ikitetemesha gurudumu, neva hubanwa, na vidole viwili vya mwisho ndivyo vinavyoanza kupoteza hisia. Ganzi ikiwa kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, basi neva iliyobanwa ni ile ya katikati ya kifundo, na mara nyingi kifundo kimekaa kimepinda kwa muda mrefu. Ya kwanza huponywa na kupunguza uzito mikononi na kuhamisha mkono mara kwa mara. Ya pili hutaka kifundo kinyooke. Jua ipi ni yako kabla hujatoa pesa. Na kama ganzi haiondoki siku kadhaa baada ya kushuka kwenye baiskeli, au vidole vinakosa nguvu ya kufunga kifungo, hilo ni la daktari.

Msimamo wangu katika ulinganisho huu ni mmoja, na nitaurudia kwa kila usukani: usihesabu mikao tu, yaani mahali mikono inapoweza kushika, hesabu mikao ambayo vidole vyako vinafikia breki. Mkao ulio mbali na breki ni mahali pa kupumzikia barabara ikiwa tupu na unaona mbele. Kwenye Jogoo Road, matatu ikikukatia ghafla kumshusha abiria, mkao huo haukusaidii chochote.

Kwanza angalia usivyohitaji kununua

Mikono mingi inaumizwa na kiti. Kiti kilichoinamisha pua chini kinakusukuma mbele siku nzima, na mikono ndiyo inayokuzuia usiteleze. Kilaze sawa, halafu uendeshe wiki moja. Kama stemu yako, yaani kipande kinachounganisha usukani na fremu, ni ya kisasa, ile inayobana shina la usukani kwa nje, huenda kuna pete ndogo juu au chini yake. Ikiwa shina halijakatwa, pete za juu zinaweza kuhamishiwa chini ya stemu ili usukani upande sentimita moja au mbili. Stemu ya zamani inayozama ndani ya shina unaweza kuivuta juu, lakini usipite alama iliyochongwa kuonyesha mwisho.

Tazama tairi pia. Watu wengi hujaza upepo hadi tairi inakuwa ngumu kama jiwe kwa kuamini ndiyo kasi, kisha kila tuta la Outering linapanda moja kwa moja hadi mabegani. Tairi pana kidogo yenye upepo wa kiasi hulegeza mtetemo kuliko glavu yoyote. Ukishafanya haya na mikono bado inakusumbua, sasa usukani ndio wa kuzungumziwa.

Vigezo vitakavyotumika

Kila usukani nitaupima kwa mambo manne. La kwanza ni mikao: iko mingapi, kifundo kinakaaje, na mingapi inafikia breki. La pili ni breki na gia, yaani kama ulivyonavyo vitahamia kwenye usukani mpya au utalazimika kununua vingine. La tatu ni barabara, kwa sababu usukani uliokaa vizuri katikati ya magari ya Ngong Road si lazima ukae vizuri kwenye mteremko wa Magadi. La nne ni gharama na urahisi wa kuupata hapa.

Kuhusu la pili, kuna vipimo vinavyoamua karibu kila kitu, na inafaa uende navyo kwa fundi. Sehemu ya kushikia kwenye sukani nyoofu, za mjini na za milimani ina unene wa milimita 22.2. Ile ya sukani za resi, mafundi huziita dropu, ina milimita 23.8. Leva ya breki ya moja haiingii vizuri kwenye nyingine. Pale katikati panapobanwa na stemu pana kipimo chake: 25.4 kwa baiskeli nyingi za zamani na za mjini, 26.0 kwa resi za zamani, 31.8 kwa nyingi za leo, na 35 kwa baadhi ya baiskeli mpya za milimani. Usukani wa 25.4 ukitiwa kwenye stemu ya 26.0 na kukazwa kwa nguvu utaonekana umeshika, halafu siku ya shimo kubwa utazunguka mikononi mwako.

Usukani nyoofu ulioongezewa pembe

*Mikao.* Usukani nyoofu peke yake una mkao mmoja, na mkao huo unalaza viganja kuelekea chini mwanzo hadi mwisho wa safari. Nyosha mikono yako mbele bila kufikiri uone: viganja havitaelekea sakafuni, vitaelekeana kwa mshazari. Hivyo ndivyo mwili unavyotaka. Pembe mbili fupi zinazofungwa kwenye ncha za usukani zinakurudishia mkao huo wa viganja kuelekeana. Ni tamu sana unaposimama kwenye pedali kupanda kutoka Ruaka kwenda Banana na kuendelea Limuru. Breki hazifikiki ukiwa hapo. Ipo aina inayofungwa ndani, kati ya gripu (mpira wa kushikia) na leva ya breki, kama Innerbarends za kampuni ya Kijerumani ya SQlab. Hizo zinaacha vidole karibu na breki, na kwa mjini naziona bora kuliko za kwenye ncha.

Msaidizi wa tatu ni gripu zenye bawa upande wa nyuma, aina ambayo Ergon wamejijengea jina nayo. Haziongezi mkao, ila zinatandaza uzito kwenye kiganja kizima ili neva ya ulna isibebe peke yake. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni vidole viwili vya mwisho tu, mara nyingine gripu hizo zinatosha.

*Breki na gia.* Zinabaki zilezile. Unachofanya ni kuzisogeza ndani kidogo ili pembe zipate nafasi.

*Barabara.* Baiskeli za milimani za siku hizi huja na usukani wa upana wa milimita 740 hadi 780, na kupenya nao kati ya vioo vya magari yaliyosimama pale Bunyala ni kazi. Usukani wa alumini unaweza kukatwa, lakini kata kidogokidogo pande zote mbili, uendeshe, kisha uone kama kuna haja ya kukata zaidi. Pembe za kwenye ncha zinaweza kunasa nguo ya mpita njia au kioo cha gari. Zilizopinda kuelekea ndani zina hatari ndogo zaidi.

*Gharama.* Hakuna njia ya bei nafuu kuliko hii. Pembe zilipendwa sana katika miaka ya 1990, kwa hiyo kwenye baiskeli za mtumba za umri huo mara nyingi utazikuta zimefungwa tayari. Usukani wa kaboni usiufunge pembe mpaka uhakikishe mtengenezaji ameruhusu.

Unamfaa mtu ambaye baiskeli inamkaa vizuri kwa kila kitu isipokuwa mikono, na anayetaka kujaribu kabla ya kuingia gharama kubwa.

Usukani wa kurudi nyuma

Huu Kenya inaufahamu kuliko mwingine wowote. Ni wa Black Mamba, baiskeli iliyobeba maziwa, mikate, magunia ya makaa na watoto wa shule katika nchi hii kwa miongo mingi. Umbo lake lilitoka Uingereza, ambako usukani wa namna hii huitwa North Road. Bomba linapanda, linapanuka, kisha linarudi nyuma kumfuata mwendeshaji.

*Mikao.* Mikono inashika gripu zilizolala karibu sambamba na fremu, kifundo kimenyooka, viwiko vimeshuka vyenyewe. Kwa mwenye ganzi ya gumba na kidole cha shahada, naamini hii ndiyo nafuu inayohisiwa haraka zaidi. Breki ziko papo hapo. Mkao wa pili ni kushika kwenye kona ya mbele, karibu na stemu, ukiinama kupanda mlima au kukata upepo, na hapo uko mbali na breki. Jua pia kwamba uzito haupotei hewani. Ukiuondoa mikononi unaupeleka kwenye makalio na mgongo. Kiti chembamba cha resi chini ya usukani huu kitakuadhibu, kwa hiyo weka bajeti ya kiti kipana, cha springi ikiwezekana.

*Breki na gia.* Unene ni 22.2, hivyo leva za usukani nyoofu na gia za kuzungusha kwa mkono zinahamia bila shida. Jambo moja la kuangalia ni urefu. Mikono inarudi nyuma sana, na kwenye fremu fupi magoti yanaweza kugonga gripu unapokata kona kali. Stemu ndefu zaidi hutatua hilo.

Kama unatoka upande wa pili, yaani una Black Mamba na unataka kuubadilisha usukani wake, tahadhari. Breki zake ni za fimbo, na leva zimejengwa kwenye usukani wenyewe. Mipira yake hubana rimu kutoka ndani, upande unaoelekea katikati ya gurudumu, na rimu hizo mara nyingi hazina ubavu bapa wa kubanwa na breki za kawaida. Kubadilisha usukani pale ni kubadilisha mfumo mzima pamoja na magurudumu. Ninavyoona mimi, iache ilivyo.

*Barabara.* Katikati ya jiji usukani huu ni raha. Ni mwembamba, kichwa kiko juu, unaona juu ya paa za magari madogo na dereva anakuona usoni. Kwenye mlima mkali gurudumu la mbele huwa jepesi na baiskeli hutangatanga, hasa ukiwa na mzigo kwenye keria. Na upepo ukikukabili kwenye tambarare za Athi River, kifua chako ndicho tanga.

*Gharama.* Nafuu, na kupata ni rahisi, kwa kuwa baiskeli nyingi za mtumba za mjini kutoka Ulaya huja nao. Unamfaa anayekwenda kazini, mwenye kubeba mzigo au mtoto, na mtu mzima ambaye mgongo na shingo havimruhusu kuinama.

Kipepeo

*Mikao.* Ukiuangalia kutoka juu, usukani huu umetandaza mabawa mawili. Mikono inaweza kukaa sehemu ya karibu na kifua, pembeni viganja vikielekeana, kwenye kona, au mbele kabisa ukiwa umejinyoosha. Hesabu ya kweli ni sehemu nne. Kati ya hizo, breki inafikika kwenye moja: ile ya karibu, ambako leva na gia hufungwa kwa kawaida. Ukiutumia safari ndefu, mkono unahama bila hata kukusudia, na hilo ndilo dawa ya neva ya ulna. Mabawa ya mbele pia yana unyumbufu kidogo unaomeza mtetemo.

*Breki na gia.* Hapa ndipo kipepeo kinapojipatia marafiki. Unene wake ni 22.2, kwa hiyo ukiwa na baiskeli ya milimani ya kawaida, kila kitu ulichonacho kinahamia. Hununui leva mpya wala gia mpya. Nyaya ndizo zinazoweza kuhitaji kubadilishwa urefu. Stemu za zamani zisizofunguka kwa mbele zinaweza kukataa kupitisha mikunjo yake, kwa hiyo hakikisha kwanza.

*Barabara.* Kwa safari za mbali zenye bega pana la barabara, sijui kama kuna anayelalamika. Kwa mjini, jizoeze kurudisha mikono sehemu ya karibu kabla hujafika kwenye kituo cha matatu. Wenye taa, simu na begi la mbele watapata shida kidogo ya nafasi. Na unahitaji kuufunika wote kwa sponji au tepu, maana bomba tupu lina utelezi mvua ikinyesha. Tepu ya usukani mmoja wa resi haitoshi.

*Gharama.* Ya kati. Huonekana kwenye baiskeli za safari za Uholanzi na Ujerumani, na zikifika hapa kama mtumba unaweza kuupata. Unamfaa mwenye baiskeli ya milimani au ya mchanganyiko anayependa safari za siku nzima.

Kitanzi

Aliyeufanya ujulikane ni Jeff Jones wa Oregon, Marekani, kwa usukani wake wa Loop. Gripu zimerudi nyuma kwa nyuzi 45, na mbele kuna bomba lililojipinda na kufungana kuwa kitanzi.

*Mikao.* Nyuzi 45 ziko katikati ya usukani nyoofu na ule wa Black Mamba: kifundo kinanyooka, lakini bado una nguvu ya kuongoza gurudumu kwenye njia mbovu. Gripu ni ndefu, na mkono unateleza nyuma na mbele juu yake. Sehemu ya mbele ya gripu iko kwenye leva za breki kabisa, na ya nyuma ni ya kukaa wima. Kitanzini ni mapumziko na kukata upepo, bila breki. Kwa kipimo changu una mikao miwili mitatu ya kweli, na mikubwa yake haikutengi na breki.

*Breki na gia.* Leva za 22.2 zinaingia. Unabanwa kwa stemu ya 31.8, na lazima stemu iwe ya kifuniko cha mbele kinachofunguka, kwa sababu kitanzi hakina ncha ya kupitisha.

*Barabara.* Upana wake ni milimita 660 au 710. Ule wa 660 unavumilika mjini. Kwenye vijia vya Karura, au njia za murramu za Tigoni kati ya mashamba ya chai, ndiko unakokuwa nyumbani. Kitanzi pia ni mahali pazuri mno pa kufunga taa na kabegi.

*Gharama.* Hili ndilo linalowazuia wengi. Ni wa kuagiza, na juu ya bei kuna usafiri na ushuru. Surly Moloko na Crazy Bar ya Velo Orange zina wazo linalokaribiana, ila nazo ni za kuagiza. Unamfaa anayeendesha njia za udongo zaidi ya lami, na ambaye ameshajua kwamba baiskeli hiyo atakaa nayo miaka.

Dropu

Wengi huogopa usukani wa resi kwa kufikiri ni wa kuinama tu na kukimbizana. Kwa habari ya mikono, mimi nauheshimu sana.

*Mikao.* Una mikao mitatu mikubwa: juu kwenye bomba lililonyooka, juu ya vichwa vya leva, na chini kwenye mkunjo. Kwenye vichwa vya leva viganja vinaelekeana kama unasalimiana na watu wawili kwa mpigo, na vidole viko kwenye breki. Chini pia vidole viko kwenye breki, kwa nguvu kubwa zaidi. Mkao wa juu hauna breki, lakini zipo leva ndogo za ziada zinazofungwa pale kwenye bomba na kuvuta waya uleule, zikafanya mikao yote mitatu kuwa na breki. Zinafanya kazi na breki za waya tu. Hakuna usukani mwingine katika orodha hii unaokupa hivyo, na kwa mtu wa Nairobi hiyo ni hoja nzito.

Sharti lake ni kwamba uwe na kimo sahihi. Dropu iliyofungwa chini sana na mbali sana itaumiza mikono kuliko usukani nyoofu, kwa sababu uzito wote unahamia mbele. Ipandishe mpaka bomba la juu liwe sawa na kiti au karibu na hapo. Usione haya kwamba haifanani na picha za mashindano.

*Breki na gia.* Hapa ndipo pesa inapokwenda. Unene ni 23.8, kwa hiyo leva na gia za usukani nyoofu hazifai. Zaidi ya hapo, leva nyingi za dropu huvuta waya kidogo, wakati breki za V, zile za mikono miwili mirefu inayobana rimu, zilizo kwenye baiskeli nyingi za milimani zinataka waya mwingi. Ukizichanganya, leva itagusa usukani kabla mipira haijabana rimu ipasavyo, na usikubali fundi akuambie utazoea. Zipo leva za dropu zilizotengenezwa kwa ajili ya breki za V, kama Tektro RL520. Breki za diski za waya nazo zina aina mbili, za resi na za milimani, zenye tofauti hiyohiyo.

Halafu kuna urefu. Fremu zilizobuniwa kwa usukani nyoofu ni ndefu, na vichwa vya leva hukaa sentimita saba hadi kumi mbele ya stemu. Bila stemu fupi utajikuta umelala juu ya baiskeli. Ukijumlisha leva, gia, stemu, nyaya, tepu na kazi ya fundi, mara nyingi baiskeli nzima ya mtumba yenye dropu inagharimu kidogo kuliko kuigeuza uliyonayo. Piga hesabu hiyo kwanza.

*Barabara.* Upana wa milimita 400 hadi 440 unapenya msongamano vizuri. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na Ziwa Magadi liko mita zipatazo 600, kwa hiyo safari hiyo ni kushuka kirefu, na kushika chini kwenye mkunjo ukiwa na breki kamili ni usalama mtupu. Kurudi ni kupanda, na hapo mikao mitatu inakuwa baraka. Kwa murramu, tafuta dropu iliyotanuka chini. Tangu mashindano ya Migration Gravel Race yaanze Maasai Mara mwaka 2021, umbo hilo limezidi kuonekana hapa, na kwa sababu nzuri: mikono ikiwa mbali zaidi, gurudumu halikunyang'anyi usukani kwenye mawe.

Inamfaa mwenye safari ndefu za lami au murramu, na aliye tayari kununua baiskeli iliyozaliwa nayo.

Usukani wa pembe za ng'ombe, ulionyooka na kupinda mbele tu, naupitia haraka. Una mikao miwili, na breki zikifungwa kwenye ncha unazipata kwa mmoja wao. Wengi huutengeneza kwa kukata dropu na kuigeuza. Ni mzuri kwa baiskeli nyepesi ya mjini isiyo na gia nyingi, lakini kwa mwenye mikono inayouma hauongezi mengi kuliko pembe za kuongezea.

Siku ya kufunga

Usinunue usukani wa alumini wa mtumba wenye mkwaruzo mrefu pale unapobanwa na stemu au uliowahi kunyooshwa baada ya ajali. Alumini haitoi onyo kabla ya kukatika. Stemu nyingi za kisasa zimeandikwa kiwango cha kukaza, mara nyingi 5 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Skrubu nne zikazwe kwa zamu na kwa kiasi sawa. Kisha zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Waya wowote ukivutika, ni mfupi, na breki inaweza kujibana yenyewe kwenye kona. Kwa breki za mafuta, bomba fupi linamaanisha kubadilisha bomba na kutoa hewa upya, kazi ya fundi mwenye vifaa.

Chagua kwa hali yako

Ukienda kazini kila siku katikati ya magari, chini ya saa moja, na vidole viwili vya mwisho ndivyo vinavyolalamika, anza na kiti, kisha gripu zenye bawa na pembe za ndani. Usipopata nafuu, nenda kwenye usukani wa kurudi nyuma.

Ukiwa na maumivu ya kifundo au ya gumba, au umri umeanza kudai mgongo ulio wima, usukani wa kurudi nyuma ndio wa kwanza kujaribu, pamoja na kiti kipana. Ikiwa unapita njia mbovu na mfuko unaruhusu, kitanzi kitakupa kifundo kilichonyooka bila kupoteza udhibiti.

Mwenye baiskeli ya milimani anayetaka kwenda Naivasha au Magadi mwisho wa wiki bila kubadilisha kila kitu, kipepeo. Mwenye safari hizohizo kila wiki, na anayetafuta baiskeli ya pili, dropu, iwe imefungwa juu ya kutosha.

Wanaopeleka vyakula na vifurushi mjini kutwa nzima wako katika hali yao wenyewe. Wanasimama na kuondoka mara nyingi, mkono hauna budi kuwa kwenye breki karibu muda wote, na baiskeli mara nyingi si yao. Kwao kitanzi na kipepeo havina maana kubwa. Kinachowafaa ni usukani wa kurudi nyuma ukiruhusiwa na mwenye baiskeli, au gripu pana ambazo wanaweza kuzivua na kuondoka nazo siku wakiirudisha.

Na kama bado umegawanyika kati ya miwili, tafuta mwenzako mwenye mmoja wapo, mbadilishane baiskeli kwa njia unayoipita kila siku, si kwa mzunguko wa uwanjani. Dakika arobaini za kwanza sukani zote huwa nzuri. Angalia vidole vyako baada ya hapo.